Kilio cha mwenzako, nani ana ruhusa ya kukiimba?

Tuliombwa tuandike juu ya nyimbo za matanga hapa Kisangani: zinaanzishwa namna gani, nani anaitikia, na kwa nini wanaume wanakaa upande wao na karata zao wakati wamama wanaimba mpaka asubuhi. Tungeweza kujibu kwa kurasa mbili na kumaliza kazi. Lakini kila tulipokamata kalamu, swali lingine lilitangulia mbele, na swali lile tuko nalo tangu miaka zaidi ya ishirini. Ndilo hili: je, mtu ana ruhusa ya kuimba uchungu ambao si wake? Na akiuimba, watu wakapenda wimbo, pesa ikaingia, ni deni gani analo kwa mwenye uchungu?

Tuanze na habari yenyewe, kwa sababu falsafa bila habari ni kelele.

Watu wengi wakisikia jina la Kapalata wanawaza kambi ya askari. Sisi tunaokaa hapa tunawaza pia majirani, korali za kanisa, watoto wanaorudi na maji kichwani. Mwezi wa 6 mwaka wa 2000, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji wetu, na watu wakaita ile vita ya siku sita. Wakati ule tulikuwa na miaka kama ishirini, tukisoma ISP. Bombe zilianguka bila kuuliza mtu jina lake. Mama mmoja, tutamwita Mama tu, maana yungali hai, alipoteza mtoto wake wa kike wa miaka saba. Hapakuwa na matanga ya kweli. Walimzika mbio-mbio, watu wanne au watano, bila mkeka, bila wimbo.

Vita ilipotulia ndipo wamama wa mtaa wakaenda kukaa naye. Usiku wa kwanza Mama hakulia hata kidogo. Usiku wa pili, karibu na asubuhi, akaanza kusema na mtoto kama vile anamtuma: aende kuchota maji, arudi upesi, asicheze njiani, viatu vyake ameviacha wapi. Alikuwa anaimba bila kujua ya kwamba anaimba. Wamama wakamwitikia pole pole. Sisi tulikuwa nje pamoja na vijana wengine, ukuta ulikuwa wa udongo, tukasikia yote.

Mwaka uliofuata, wamama wa korali moja walikuwa wanatayarisha nyimbo za amani. Mmoja wao alikuwa amekaa kwenye mkeka usiku ule, na sauti ya wimbo ilimkaa kichwani. Wakatufuata kusudi tuandike maneno, juu tulikuwa wanafunzi na mwandiko wetu ulikuwa mzuri. Tukaandika ndani ya kaye. Tukasahihisha Kiswahili chake, kana kwamba mtu aliyefiwa anangoja maksi. Jina la mtoto tulilifuta, tukaweka «mtoto wa Kongo», tukiwaza ya kwamba tunaupanua wimbo uwe wa watu wote. Mwishoni tukaongeza ubeti mmoja juu ya amani na upendo. Ubeti ule unatupa haya mpaka leo.

Kaseti ikatoka. Ikapigwa kwenye radio, watu wakalia, wengine wakanunua. Hakuna aliyewaza kumwambia Mama. Aliusikia wimbo sokoni, kwenye meza ya kijana aliyeuza mabetri. Hakwenda kwa korali, alikuja kwetu, maana alikuwa ameambiwa nani aliyeandika. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti. Alisema: «Mutoto yangu, ile kilio ni yangu. Mulinunua wapi?»

Hatukuwa na jibu. Tulisoma pedagojia, saikolojia, na historia ya falsafa kidogo, lakini swali la mama huyu halikuwamo ndani ya kozi yoyote.

Basi tuangalie desturi. Mtu wa haraka atasema: jibu liko wazi, kila mtu na kilio chake. Lakini desturi yetu haisemi hivyo. Anayekwenda matanga mara nyingi analia wafu wake mwenyewe. Maiti ya jirani ni mlango, kila mama anapita hapo na yake. Mmoja anaanzisha, anataja jina la marehemu, anamwuliza kwa nini ameondoka bila kuaga. Wengine wanaitikia, na katika kuitikia, huyu anamlia mume wake aliyepotea mtoni, yule anamlia mama yake. Hakuna anayemkataza. Hakuna anayesema: umeiba kilio chetu. Wafiwa wenyewe wanashukuru, maana mzigo uliobebwa na watu kumi si sawa na mzigo wa mtu mmoja.

Kwa hiyo kuimba pamoja uchungu wa mmoja si kosa kwetu. Ni kazi ya wamama tangu wazee wa wazee. Kosa liko mahali pengine. Sote tunamjua yule mgeni anayeanza kulia kwa nguvu tangu barabarani, anajitupa chini mbele ya watu, na chakula kikiisha naye amekwisha kwenda. Wamama hawamgombezi, wanatazamana tu. Yeye pia aliimba wimbo uleule. Ila hakukaa.

Miaka ilipita, tukawa mwalimu, na wanafunzi wakaanza kutuletea miziki ndani ya telefone. Kwa njia hiyo tuliingia kwenye habari ya bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani. Wengi wetu tukisikia bluzi tunawaza mwanaume mzee na gitaa. Kumbe sauti ya kwanza ya mwimbaji mweusi kuwekwa kwenye sahani ya bluzi ilikuwa ya mwanamke, Mamie Smith, huko New York, tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka wa 1920. Sahani ile ilinunuliwa sana hata makampuni yakakimbia kutafuta wanawake wengine: Ma Rainey, Bessie Smith na wenzao. Waliimba nini? Mume aliyeondoka, njaa, maji ya mto yaliyobeba nyumba, gereza. Aliyeimba alisema «mimi», na aliyenunua sahani alijua ya kwamba «mimi» yule ni wengi. Ni kama mama anayeanzisha kwenye mkeka.

Lakini tazama pesa ilikwenda wapi. Bessie Smith, ambaye watu walimwita malkia wa bluzi, alilipwa kwa kila wimbo alioimba, mara moja, basi. Sahani zikiuzwa elfu au laki, hakupata fungu lake. Alikufa mwaka wa 1937 kwa ajali ya gari, na kaburi lake likakaa bila jiwe lenye jina mpaka mwaka wa 1970. Waliolipia jiwe ni wanawake wawili. Mmoja ni Juanita Green, aliyewahi kufanya kazi za nyumbani kwa Bessie alipokuwa msichana. Mwingine ni Janis Joplin, mwimbaji mweupe aliyejifunza kuimba kwa kumsikiliza marehemu. Tunamsifu huyu wa pili kwa moyo wote, ingawa wengine wanasema ni kitu kidogo. Alijua ya kwamba amekula kwenye sahani ya mtu, akakubali deni. Miaka 33 ilikuwa imepita, naye mwenyewe alikufa mwaka uleule.

Hapa kwetu pia tuna mtu wa kutaja. Abeti Masikini alizaliwa mji huu mwaka wa 1954, ungali unaitwa Stanleyville. Baba yake, Jean-Pierre Finant, aliongoza jimbo la Orientale, akauawa Bakwanga mwezi wa 2 mwaka wa 1961, binti akiwa na miaka sita. Mwaka wa 1973 Abeti aliimba Olympia mjini Paris, na mwaka wa 1974 alikuwa kwenye jukwaa la Kinshasa katika sherehe ileile alimopiga B.B. King, mtu wa bluzi. Hakuishia kwenye rumba peke yake, alichanganya na soul na bluzi. Na kwenye kundi lake wasichana waliitikia, mmoja wao Mbilia Bel, ambaye baadaye Afrika yote ilimjua. Watoto wa Kisangani wanaopita leo hawamjui Abeti, na hilo ni kosa letu sisi walimu, lakini tuliache kwa siku nyingine.

Jambo lililofufua swali letu ni albamu. Mwaka wa 2017 kulitoka albamu ya wanawake wanaojiita Les Amazones d'Afrique. Jina waliliokota kwa heshima ya wanawake wa Guinea, wale wanajeshi wapiga muziki wa miaka ya 1960. Kundi lilianzia Bamako. Ndani yake wakati ule mlikuwa na Angélique Kidjo wa Benin, Nneka wa Nigeria, Pamela Badjogo wa Gabon, na wa Mali wengi: Kandia Kouyaté, Mamani Keïta, Rokia Koné, Mariam Doumbia. Albamu inaitwa République Amazone. Bluzi imo, funk imo, dub imo, na ngoma nzito zinazofanya madirisha ya jirani yatetemeke. Wanaimba juu ya mateso ya wanawake, kupigwa, kukeketwa, kulazimishwa. Na sauti zinapokezana: huyu anaanza, yule anamalizia, hata usipoangalia jina hujui nani amesema nini.

Sasa sikilizeni. Mwaka uliotangulia albamu, walikuwa wametoa wimbo mmoja juu ya kora, chombo cha nyuzi ambacho kwa desturi ya kwao kilikuwa cha wanaume. Pesa ya wimbo ule waliitoa kwa ajili ya Fondation Panzi ya daktari Denis Mukwege, huko Bukavu. Hospitali ya Panzi ilifunguliwa mwaka wa 1999, wakati wa vita ileile iliyoleta majeshi mpaka hapa kwetu. Ndipo wanapotibiwa wanawake waliobakwa na watu wa silaha, na kwa kazi hiyo Mukwege alipewa Nobel ya amani mwaka wa 2018, pamoja na Nadia Murad.

Kwa hiyo wanawake wa Bamako, Cotonou na Libreville waliimba, na uchungu wa dada zetu wa Kivu ukapata msaada. Tuliposoma majina ya waimbaji tulitafuta la Bukavu. Hatukuliona. Tukakumbuka Mama amesimama mlangoni.

Tulipeleka habari hii kwenye kalasi ya sita, saa ya mwisho, wakati watoto wamechoka na mwalimu pia. Mwenzetu anayefundisha falsafa alikuwa amekaa nyuma kusikiliza. Alisema: wimbo ni kama moto. Ukimpa jirani kaa la moto, wako haupungui. Korali haikumpunguzia Mama kitu, na hawa Amazones hawakuwapunguzia watu wa Bukavu kitu, tena waliwaongezea. Kuna ubaya gani?

Mfano ni mzuri, tena ni wa kwetu. Lakini wenye miaka yetu bado tunakumbuka namna moto ulivyoombwa kijijini. Hukuingia jikoni kwa mtu ukachota. Ulikuja na kigae mkononi, ulibisha, ulimwamkia mama mwenye nyumba, uliuliza usiku ulikuwa namna gani, ndipo ukaomba. Kaa lilikuwa bure. Salamu haikuwa bure.

Ndipo msichana mmoja akainua mkono. Ni msichana asiyesema sana. «Mwalimu, na kama mwenye uchungu hawezi kusema? Kama akisema watamwua, ama mume atamfukuza? Nani ataimba?»

Kalasi ikanyamaza. Na sisi, tuseme ukweli, tulikuwa tumetayarisha kumaliza somo kwa kusema ya kwamba kila wimbo una mwenyewe na mwenyewe aheshimiwe. Lakini mtoto huyu aliona shimo tulilolipita. Sheria hiyo tukiishika kwa nguvu, waliobakwa wanabaki na kilio chao kifuani, na waliowabaka wanalala usingizi mtamu. Mwenye kosa anapenda sana tuheshimu kimya cha aliyeumizwa. Kule Bukavu wako wanaofunika uso mbele ya picha. Hawawezi kusimama jukwaani Marseille au London. Mtu mwingine akisimama badala yao, akisema «mimi» kwa sauti kubwa, amewafunika kama shuka. Wale wa bluzi walijua jambo hilo.

Basi tulikubali mbele ya wanafunzi ya kwamba tumekosea nusu. Na tangu siku ile tunawaza hivi.

Kuimba uchungu wa mwenzako si wizi. Wakati mwingine kunyamaza ndiko kumwacha. Tena wanawake wengi wakiimba pamoja, jambo linakuwa karibu na desturi yetu kuliko mmoja akiimba peke yake na picha yake kubwa juu ya jalada, maana pale hakuna wa kusema «hili ni langu». Katika hilo tunawasifu Amazones, na pesa waliyoitoa tunaihesabu kama kigae na salamu.

Lakini mkeka una kitu ambacho kaseti na albamu hazina. Kwenye mkeka, mwenye msiba akiinua mkono, wote wananyamaza. Tumeona hayo mara nyingi. Mama mfiwa anasema «inatosha», na hata kama wimbo uko katikati, hata kama anayeongoza ana sauti ya malaika, unakatika palepale. Anaweza pia kusema «hapana, hakuwa hivyo, alikuwa anapenda kucheka», na maneno yanabadilika. Wimbo unaimbwa mbele yake. Kaseti inaimbwa nyuma yake. Ikisha kutoka haina mkono wa kuisimamisha: inalia sokoni, ndani ya basi, kwenye baa, watu wanakunywa juu yake. Leo na hizi telefone ni zaidi. Vijana wanapiga filme mama akigaagaa kando ya jeneza, kabla hajazika picha imekwisha kufika Kinshasa na Ubelgiji. Tumemkemea mmoja mwaka jana, akatujibu ya kwamba anawajulisha ndugu walio mbali. Labda kweli.

Kwa sababu hiyo tunaona ruhusa inayoombwa kabla ya kutia wimbo ndani ya mashini ni nzito kuliko ile ya mkekani, kwa kuwa baada ya hapo hakuna «inatosha». Na pale ambapo mwenye uchungu hawezi kuombwa, juu hajulikani au ni watu elfu, mwimbaji aimbe, lakini ajue ya kwamba ameingia deni kwa mtu asiyemwona, na mtu huyo siku moja anaweza kusimama mlangoni.

Kosa letu sisi na korali halikuwa kuimba. Mama alikuwa hapa, nyumba ya saba kutoka kwetu. Tungeweza kubisha. Na kosa la pili, ambalo kwetu linauma kuliko la kwanza, ni lile jina. Tuliwaza ya kwamba kumwita «mtoto wa Kongo» ni kumpa heshima kubwa. Mama hakufiwa na mtoto wa Kongo.

Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka wa 2022, mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamua Uganda ilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa ajili ya vita ile, na katika hizo milioni 225 ni kwa ajili ya watu. Kisangani yote ilizungumza. Watu walianza kufungua masanduku kutafuta makaratasi: cheti cha kuzaliwa, karatasi ya hospitali, picha. Uchungu ambao tulikuwa tunauimba sasa ulitakiwa kuwa na tarehe, jina na ushahidi. Mama hakuwa na kitu. Nyumba ilikuwa imeungua, mtoto hakuwahi kupigwa picha.

Alikuja tena mlangoni kwetu, amezeeka, anatembea na fimbo. Safari hii alikubali kiti. Aliuliza kama ile kaseti inaweza kuwa ushahidi. Tulimwambia ya kwamba ndani ya kaseti jina la mtoto halimo. Akasema: «Njo minajua. Mulitosha.» Kisha akauliza juu ya kaye.

Kaye tulikuwa nayo. Ilikuwa chini ya vitabu vya ISP, panya walikula pembe moja. Kwenye ukurasa wa kwanza pana tarehe kwa mkono wetu, na jina la mtoto tulilolikata kwa mstari mmoja wa biki. Chini ya mstari linasomeka vizuri, herufi zote. Mama hasomi. Alituomba tumsomee tangu mwanzo, tukasoma, naye alikuwa anaitikia kwa midomo bila sauti. Tulipofika kwenye ubeti wa amani alipiga fimbo chini: «Ile haiko yangu.» Tukachukua biki tukaufuta wote mbele yake, tukaandika pembeni ya kwamba ubeti huo ni wetu sisi.

Akaifunga kaye ndani ya kitambaa cha kichwa, akaenda nayo. Juu ya pesa ya kaseti, wale wa korali waliobaki hai tulikwisha kuwaita mara mbili. Mara ya kwanza walikuja wawili. Mara ya pili mvua ilinyesha.